Gari Lililozima Mkata

Corolla yangu ilizima kilomita chache kabla ya Mkata, barabara ya Dar kwenda Tanga, saa mbili usiku, bila hata kukohoa. Naanza na hilo la kukohoa kwa sababu ndilo lililotupoteza njia kwa miezi minne. Haikumisi, yaani haikuruka pigo hata moja. Haikupungua nguvu kidogokidogo. Ilikuwa inakwenda, halafu ikawa haiendi. Taa za mbele zikaendelea kuwaka, redio ikaendelea kusoma habari, na usukani ukawa mzito mikononi kama umemwagiwa zege. Nikalisogeza gari pembeni kwa mwendo uliokuwa umebaki, lori la nyuma likinipita na honi ndefu ya kunilaani.

Nikapiga stata. Ikazunguka vizuri, betri haikuwa na neno. Injini ikashika, ikanguruma sekunde moja hivi, ikazima. Nikapiga tena, ikashika, ikazima. Mara ya tatu hivyohivyo. Mke wangu, aliyekuwa amelala tangu Wami, akafumbua macho akauliza kama tumefika. Nikamwambia bado. Tulikaa pale karibu saa nzima, malori yakitutikisa kila yakipita, halafu nikajaribu tena bila matumaini. Ikawaka kama haijawahi kuzima, ikatufikisha Tanga bila swali.

Mwenye gari kuukuu anajua kwamba taabu huanzia hapo. Gari lililokataa kabisa kuwaka, fundi atalikuta limekataa. Lakini gari linalozima njiani hufika kwa fundi likiwa zima.

Lenyewe ni AE100 ya mwaka 1994, injini 5A-FE ya sisi 1,498, gia otomatiki, namba A. Kwa msomaji asiye wa Tanzania: namba za magari yetu huenda kwa herufi kuanzia A, na ukisema "namba A" umeshataja umri, mwaka hauna kazi tena. Nililinunua Dar mwaka 2019 kwa mtu mwenye maneno matamu, aliyenionyesha dashibodi na kuniambia niitazame mwenyewe, hakuna taa hata moja inayowaka. Alisema kweli. Nitaurudia ukweli wake huo.

Wiki moja baada ya Mkata, gari likanifanyia hisani: likazima Chumbageni, hapahapa mjini Tanga, umbali wa kulisukuma tu hadi gereji. Fundi wa hapo, kijana hodari anayefanyia kazi chini ya mwarobaini, alilikuta likiwa bado limenuna. Akachomoa plagi moja, akairudisha kwenye waya wake, akaiegemeza kwenye chuma cha injini na kuniambia nipige stata. Cheche ikaruka, ya buluu, yenye mlio.

"Moto huu hapa, bosi. Umeme wako hauna shida."

Kisha akainusa ile plagi. Kavu. Haina harufu ya petroli. Akachomoa ya pili, nayo kavu. Injini ya petroli inataka hewa, mafuta, na moto unaokuja kwa wakati wake. Moto umeonekana, hewa haijaenda popote, plagi ni kavu. Hukumu ikawa pampu ya mafuta. Ningekuwa mimi ndiye fundi ningehukumu hivyohivyo, na mpaka leo simlaumu. (Jambo moja tu kwa atakayejaribu kupima moto nyumbani: usiishike plagi kwa mkono mtupu, na usifanye hivyo pale penye petroli iliyomwagika. Umeme wa koili, kile kifaa kinachozalisha cheche, hauzuiwi na glovu ya kitambaa.)

Pampu mpya ikala shilingi elfu sabini, pamoja na nusu siku. Gari likaenda siku tisa.

Fundi wa pili alikuwa wa shule nyingine: kwake kila kitu ni distributa, kile kifaa kinachomgawia kila plagi moto wake. Ilikuwa masika, Tanga imelowa, na hoja yake ilikuwa kwamba unyevu unaingia kwenye kifuniko cha distributa na moto unapotea njiani kabla ya kufika kwenye plagi. Ni hoja yenye mashiko. Sisi tunaokaa karibu na bahari tunaijua chumvi inavyokula soketi, na kifuniko chenye ufa mwembamba kama unywele kikipata unyevu, umeme hufuata ufa badala ya kuruka kutoka kwenye rota inayozunguka ndani kwenda kwenye waya wa plagi. Usiku ule nikafanya jaribio ambalo nalipenda kwa uzuri wake. Subiri giza, zima taa zote, washa injini, fungua boneti, halafu nyunyizia maji kidogo kama ukungu kwa ile chupa ya kupulizia nguo za kupigwa pasi. Kama waya za plagi zimechoka, utaona cheche za buluu zikitambaa juu ya mpira, zikitafuta chuma. Waya wa silinda ya tatu uling'ara kama kimulimuli. Nikapima na mita: ukinzani wa juu unaovumiliwa kwa waya mmoja wa Toyota hii ni kiloomu 25, wangu ulikuwa umevuka mbali.

Basi tukabadili waya za plagi, na kweli, ile kukwaruza kidogo asubuhi za mvua, ambayo nilikuwa nimeizoea mpaka nikadhani ndiyo sauti ya injini, ikaisha. Ugonjwa ulikuwepo na ukapona. Ila haukuwa ugonjwa ule. Siku ya nne gari likazima tena, safari hii kwenye kilima cha njia ya Muheza, na mkungu wa ndizi ndani.

Ndipo ikaagizwa distributa iliyotumika kutoka Ilala. Ikaja kwa basi imeviringishwa gazeti, fundi akaifunga, akaizungusha kushoto na kulia akisikiliza injini kwa sikio lake, akaikaza pale sauti ilipomfurahisha. Gari likaenda wiki mbili, likiwa zito mlimani na likinywa petroli kuliko kawaida. Halafu likazima. Kila tengenezo lilikuwa "limefanya kazi" kwa siku kadhaa, na kila siku hizo zilitufanya tuamini tumekaribia. Sasa najua kwamba lingewaka siku zile hata kama fundi angesimama pembeni akaimba.

Fundi wa tatu hakugusa chombo chochote. Aliniambia ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, laki tatu na nusu, iliyotumika, bila dhamana.

Jirani yangu, dereva mstaafu, ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja wa Ngamiani anayetengeneza umeme wa magari tangu yakiwa na platini, zile swichi za zamani za kuikatia koili umeme. Gari lilizima mara moja tukiwa njiani kwenda kwake, likawaka, tukafika. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anakunywa kahawa. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikaanza kumwaga hadithi yote: pampu, waya, distributa, Mkata. Akaniacha nimalize. Kisha akasimama, akaegemea dirisha la dereva.

"Fungua swichi, mwanangu. Usipige stata."

Nikafungua. Taa za dashibodi zikawaka: ya oili, ya chaji, ya breki. Yeye akawa anazihesabu kwa kidole, midomo ikicheza.

"Taa ya injini iko wapi?"

Nikamwambia haiwaki, gari halina tatizo hilo, niliuziwa safi.

Akanitazama kwa huruma, sijui neno jingine. Akanieleza kwamba ufunguo ukifika ON kabla ya kupiga stata, taa ya injini lazima iwake, kama zinavyowaka ya oili na ya chaji. Ndiyo salamu yake. Injini ikishika na kila kitu kikawa sawa, inazima. Taa isiyowaka kamwe haiwezi kukuambia kwamba mambo ni salama, kwa sababu hata mambo yakiharibika haina mdomo. Miaka yote niliyokaa na gari lile sikuwahi kuzihesabu.

Tukafungua dashibodi, skrubu chache tu, tukaivuta saa ya mwendo kwa mbele. Nyuma yake balbu zimepachikwa kwenye vishikizo vidogo vya kuzungusha robo mzunguko. Cha taa ya injini kilikuwa tundu tupu. Hakuna kilichoungua. Mtu alikizungusha, akakichomoa, akaiuza gari. Yule bwana wa maneno matamu, au aliyemuuzia yeye. Siku hizi sina haja ya kujua.

Mzee hakuwa na balbu ya saizi ile. Akachomoa ile ya buluu, ya kuonyesha taa za fulu, akaipachika kwenye tundu la injini. "Utanunua nyingine kesho," akasema. Nikafungua swichi. Kwa mara ya kwanza tangu ninunue gari, mchoro mdogo wa injini ukaniwakia, rangi ya chungwa.

Sasa ngoja niingie ndani kidogo, maana hapa ndipo nilipojifunza kitu chenye faida kwa yeyote mwenye Toyota ya miaka ile. Chini ya boneti kuna kiboksi cha plastiki chenye kifuniko, kimeandikwa DIAGNOSIS. Ukikifungua, ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu yenye majina: TE1, E1, FP, +B na mengine. Magari haya yalitengenezwa kabla ya mashine za kupimia kuenea, kwa hiyo yalifundishwa kusema yenyewe. Unachukua kipande kifupi cha waya, unaunganisha TE1 na E1, unafungua swichi bila kupiga stata, na taa ya injini inaanza kupepesa. Kama hakuna kosa lililohifadhiwa, inapepesa haraka bila kukoma, kiasi cha mara mbili kwa sekunde. Kama lipo, inakutajia namba: tarakimu ya kwanza, kimya cha sekunde moja na nusu, tarakimu ya pili. Soma majina ya matundu mara mbili kabla ya kuchomeka. Ukiunganisha +B na E1 umeunganisha chanya na hasi, na ukiwa na bahati itaungua fyuzi peke yake.

Hakuna mashine hapo, wala intaneti, wala mtu wa kukutoza elfu thelathini ya "kupima". Waya wenyewe mzee aliukata kwenye chaja ya simu iliyokufa.

Taa ikapepesa mara moja. Kimya. Mara nne.

"Kumi na nne," akasema mzee.

Kimya kirefu kidogo, halafu mara mbili, kimya, mara moja. Ishirini na moja. Halafu ikarudia upya, kumi na nne, ishirini na moja, kama mtoto aliyekariri.

Akaniuliza kama kuna mtu aliyechomoa betri tangu lilipozima asubuhi ile. Hakuna. "Basi bahati yako," akasema. Kumbukumbu ya makosa inakaa kwa umeme wa betri. Fundi akichomoa kichwa cha betri kabla ya kusoma, ushahidi wote umefutika. Fikiria mafundi wawili walioligusa gari kabla yake: kabla ya kubadili kitu, wote walichomoa betri, kwa usalama, kama walivyofundishwa.

Ishirini na moja ni sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi. Kumi na nne ndiyo iliyotuhusu, na maelezo ya mzee nitayaweka kwa maneno yangu. Kontroli boksi ndiyo inayoamua kila silinda ipigwe moto lini. Haipigi yenyewe, inatuma amri kwa iginaita, na iginaita ndiyo inayoikatia na kuifungulia koili umeme. Baada ya kila pigo, iginaita inarudisha jibu kwa waya wake wa peke yake: nimepiga. Waya huo kwenye michoro ya Toyota unaitwa IGF. Majibu yasipofika kwa mapigo kadhaa mfululizo, kontroli boksi inaamini kwamba hakuna moto. Na kama hakuna moto, kumwaga petroli ni hatari: itapita mbichi hadi kwenye katalaiza, ile sega iliyo ndani ya ekzosi, na kuiunguza. Kwa hiyo inazifunga nozeli, zile zinazopulizia petroli.

Soma tena hapo kama unavyosoma barua ya madai. Moto ulikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni habari za moto. Injini ilishika kwa sekunde moja kwa sababu mapigo ya kwanza hupewa mafuta kabla ya kontroli boksi kukata tamaa ya kusubiri jibu. Plagi zilikuwa kavu kwa sababu mafuta yalikatwa kwa makusudi, na kijana wa mwarobaini alipoona moto wa buluu na plagi kavu alikuwa anasoma vizuri kabisa ushahidi uliokuwa unamdanganya. Kosa la umeme lilikuwa limevaa nguo za kosa la mafuta.

Nikauliza: kwa hiyo tununue iginaita?

"Kumi na nne inasema jibu halifiki," akanijibu. "Haijasema nani kalizuia."

Inaweza kuwa iginaita imekufa. Inaweza kuwa waya umekatika. Inaweza kuwa kontroli boksi yenyewe haisikii. Namba ni moja kwa zote tatu, na bei zake hazifanani hata kidogo.

Hapa nilijikuta na mimi nina la kuchangia. Marehemu baba yangu alikuwa fundi redio, hapohapo Ngamiani, na mita yake ya Kijapani yenye mshale na kijisanduku cha mbao bado ninayo. Kwenye sanduku lake kulikuwa pia na kijiti cha mwanzi, kilaini kwa kushikwa. Redio ikiletwa na shida ya kukatika sauti na kurudi, baba hakukimbilia kubadilisha kitu. Aliiwasha, akawa anagongagonga kijiti kile juu ya kila kiungo, taratibu, mpaka sauti ikatike. Ikikatika, hapo ndipo.

Nikaomba bisibisi. Tukawasha injini, ikakaa sailensa vizuri, yaani ikinguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, mzee akasimama mbele, mimi nikajikunja chini ya dashibodi na kuanza kugonga nyaya kwa mpini wa bisibisi, kuanzia kwenye ukuta wa injini kurudi ndani. Nilipofika kwenye kifungu kimoja kilichozungushiwa tepu nyeusi, injini ikazima. Kimya kile kilinifurahisha kuliko muziki wowote.

Tulihakikisha kwa mita. Ukichomoa soketi ya iginaita na kufungua swichi, waya wa IGF unaotoka kwenye kontroli boksi unatakiwa kuonyesha volti tano hivi, kwa sababu boksi ndiyo inayouwekea umeme huo na iginaita huushusha chini kila inapojibu. Mshale ukalala kwenye sifuri. Mzee akakitikisa kile kifungu kwa vidole viwili, mshale ukaruka hadi karibu na tano, ukalala tena.

Tulipoitoa ile tepu tukakuta nyaya tatu zilizowahi kukatwa na kuunganishwa kwa kusokotwa tu, bila risasi ya kulehemu. Kwenye ngozi za pembeni kulikuwa na alama za meno. Panya. Mtu fulani, miaka fulani, alipata panya, akasokota, akazungusha tepu, akaendelea na maisha. Nyaya mbili zilikuwa bado zinang'aa. Wa tatu shaba yake ilikuwa imeota ukijani na kuwa unga. Joto la safari ndefu likiutanua, mguso ukikosekana kwa nukta chache, gari linazima. Likipoa, unagusana tena. Ndiyo maana Mkata ilibidi tusubiri saa nzima.

Nikakata sehemu mbovu, nikalehemu kipande kipya, nikavalisha kimpira cha kusinyaa kwa moto. Risasi ya shilingi mia tano, tuseme. Jumla ya fedha zilizokwishatoka kabla ya hapo nimeiandika mahali ambapo mke wangu hawezi kuiona.

Mzee hakuniachia niondoke. Kwa kuwa TE1 na E1 bado zilikuwa zimeunganishwa, akaleta taa yake ya kupimia taimingi, yaani wakati wa kupiga moto, ile inayomulika kwa mapigo ya silinda ya kwanza. Injini hii ikiwa kwenye sailensa na matundu yale mawili yameunganishwa, alama ya puli inatakiwa kusimama kwenye digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Usipoyaunganisha, kontroli boksi inaendelea kuichezesha yenyewe na unachosoma hakina maana. Yangu ilikuwa imerudi nyuma sana. Ndiyo kazi ya sikio la fundi wa pili, na ndiyo iliyolifanya gari kuwa zito mlimani. Akalegeza distributa, akaizungusha kiasi cha unene wa kucha, akakaza. Kisha akachomoa fyuzi ya EFI kwa dakika nzima kufuta makosa, akanituma nikazunguke mjini. Kumi na nne haikurudi. Ishirini na moja ilirudi.

Sensa ile ya oksijeni niliiahirisha, maana gari lilikuwa linakwenda na mfuko ulikuwa umechoka. Ilikuwa ujinga wa aina yake. Taa iliyokwisha kuwaka haiwezi kuwaka tena. Kwa miezi miwili niliendesha na mchoro wa chungwa usoni, nikijiambia ni sensa tu, ni sensa tu, huku waya wowote mwingine ungeweza kuoza na nisipate habari. Nilikuwa nimeichomoa balbu kwa njia nyingine. Nikanunua sensa.

Tangu hapo nimekuwa na tabia mbaya: nikipanda gari la mtu, nahesabu taa kabla ya stata. Kwenye teksi, kwenye gari la shemeji, hata kwenye gari la harusi. Nyekundu na ya chungwa si ndugu. Taa nyekundu ya oili ikiwaka gari linatembea, simama uzime injini hapohapo, hata kama ni katikati ya daraja; inasema presha ya oili haitoshi, na chuma kinaweza kusagana na chuma. Ya chaji inakupa muda, kiasi cha betri ilichobeba, labda ufike mjini ukizima feni na redio. Ya breki, angalia kwanza kama hujashusha hendibreki vizuri, halafu angalia kiwango cha mafuta ya breki. Ya injini ikiwaka na kutulia, nenda taratibu ukasome. Kwenye magari ya baadaye, ikianza kupepesa yenyewe ukiwa unaendesha, hiyo ni silinda inayomisi na petroli mbichi inakwenda kuiua katalaiza; punguza mwendo, simama.

Dada yangu ana Toyota Ist yenye injini ya 1NZ-FE, na kwake mambo ni tofauti kabisa. Hakuna distributa wala waya za plagi. Kila plagi imevikwa koili yake. Kuna soketi ya matundu 16 chini ya usukani, na kile kidude cha bluetooth kinachouzwa mitandaoni kikakubali kuongea na simu yangu. Hilo si la kutegemea, magari mengi ya Japani yana soketi ileile lakini hayajibu vifaa vya bei rahisi. Lake likajibu: P0302, silinda ya pili inamisi. Alikuwa ameshaambiwa anunue koili zote nne. Nikamwambia subiri. Tukaihamisha koili ya pili kwenda ya tatu na ya tatu kuja ya pili, tukafuta kosa, tukazunguka hadi Raskazone na kurudi. Ikaja P0303. Kosa lilikuwa limeihama silinda na kuifuata koili. Akanunua moja. Kama ingebaki P0302, koili isingekuwa na hatia, na tungeanza kuitazama plagi, halafu nozeli, halafu mgandamizo wa silinda yenyewe.

Kijana wa mwarobaini nilimsimulia yote. Hakuona haya, akanyamaza muda, kisha akaniuliza kama waya wa TE1 unaweza kuwa wa aina yoyote. Sasa anao kwenye kisanduku chake, na juzi nilimkuta anamsomesha mwanafunzi wake namba kwa vidole, huku Carina ya mtu ikipepesa.

Balbu ya buluu sijainunua. Kila nikienda dukani naikumbuka nikiwa nimesharudi. Majuzi usiku, njia ya Muheza, kila gari lililokuja mbele yangu lilinipigia taa, moja, la pili, la tano. Nikadhani kuna askari mbele, nikapunguza mwendo hadi arobaini, nikafunga mkanda vizuri. Nilifika Tanga sijaona askari hata mmoja. Nilipoingiza gari uani, ukuta wa jirani ukaangazwa wote hadi kwenye bati, kuku wakaamka, na mwenyewe akatoka akiwa ameziba macho kwa kiganja, akiniuliza kama taa za fulu ni lazima saa hizi.